Breki ya diski ikilia, weka oili mbali

Baiskeli ikipiga kelele, huku kwetu dawa yake ni moja: oili. Phoenix ya mzee ikilalamika kwenye pedeli, oili. Mnyororo ukikwaruza, oili. Hata zile breki za vyuma zinazobana raba kwenye ringi, zikigoma mtu hutia tone kwenye maungio na safari inaendelea. Mazoea hayo tumeyahamisha jinsi yalivyo hadi kwenye breki za diski, na hapo ndipo yanapoweza kumuua mtu. Ninaishi Lushoto. Kutoka hapa hadi Mombo ni kilometa 30 na ushee za lami inayoteremka na kupindapinda ubavuni mwa mlima, malori ya mboga yakipanda na kushuka. Diski iliyopakwa oili kwenye barabara ile si habari ya kelele tena.

Nimelitanguliza hili kwa sababu wengi wanaoniletea baiskeli wameshalifanya kabla ya kufika. Wanakuja wakisema, "Fundi, nilitia mafuta ikanyamaza, sasa haishiki." Ni kweli ilinyamaza. Ilinyamaza kwa sababu pedi zilikuwa zinateleza.

Baiskeli nyingi za mtumba ninazoletewa siku hizi zina diski mbele na nyuma, na vijana wanaotembeza wageni kwenda Irente na msitu wa Magamba hawataki nyingine. Nawaelewa. Kwenye tope la masika diski inashika wakati raba za kwenye ringi zinaserereka. Shida ni kwamba breki hizi zinataka usafi na vipimo vidogo ambavyo baiskeli zetu za zamani hazikuwahi kutudai, na hakuna aliyekaa na mnunuzi akamweleza.

Basi tuelewane kwanza kuhusu vyenyewe. Diski ni kile chuma cha duara kilichofungwa kwenye habu, mara nyingi kwa bolti sita za nyota saizi T25. Ikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 1.8. Kalipa ni kile kichwa kilichofungwa kwenye foku au kwenye fremu nyuma, na ndani yake mna pedi mbili zinazoibana diski huku na huku. Ukiachia breki, nafasi inayobaki kati ya pedi na diski haifiki nusu milimita kila upande. Ukishaijua namba hiyo hutashangaa tena kwa nini gurudumu lililokaa upande kidogo tu linaleta kelele ya kutwa nzima.

Kabla sijagusa spana huwa namuuliza mwenye baiskeli maswali. Kijana mmoja wa Soni alifika asubuhi akiwa amekasirika, baiskeli ameisukuma.

"Shikamoo fundi. Breki ya nyuma inalia."

"Marahaba, mdogo wangu. Inalia ukiishika, au hata ukiiacha?"

"Inalia tu."

"Ipande mpaka pale kwenye mnara wa simu, urudi bila kugusa breki. Kisha urudie ukiwa umeishika."

Aliporudi alikuwa na jibu: inakwaruza wakati wote, na akishika breki kelele inakoma. Jibu hilo peke yake lilitupunguzia nusu ya kazi. Kelele inayosikika baiskeli ikitembea bila breki karibu kila mara inatokana na mkao: kuna kitu kimepinda, kimelegea au kimekaa upande. Kelele inayokuja pale tu unapobana inatokana na nyuso za diski na pedi: mafuta, uchafu, maji, joto. Ni magonjwa mawili tofauti. Anayeyachanganya atalegeza bolti za kalipa kutibu mafuta, au atasugua msasa pedi zisizo na kosa huku ekseli ndiyo iliyokaa vibaya.

Kwa yule kijana ilikuwa ekseli. Alipata pancha njiani, akaziba, akarudisha gurudumu baiskeli ikiwa imepinduliwa kichwa chini, akafunga kile kimkono cha kufungia ekseli haraka gurudumu likiwa halijazama sawasawa kwenye fremu. Nilichofanya ni kuisimamisha baiskeli chini kwa magurudumu yake, nikalegeza kimkono, nikaikandamiza kwa uzito wangu kwenye siti mpaka ekseli ikakaa, nikafunga tena. Kelele ikaisha. Sikumtoza kitu, na nilimwonyesha mara mbili jinsi ya kufanya. Hatua hii ndiyo inayoanza siku zote, hata kama una hakika tatizo ni jingine, kwa sababu ukirekebisha kalipa wakati gurudumu limekaa upande, utakuwa umeilinganisha na kosa. Siku gurudumu likitolewa na kurudishwa vizuri, kelele itarudi.

Baada ya ekseli, shika ringi juu, karibu na fremu, uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, gololi za habu zimelegea au zimekwisha, na diski inacheza pamoja nazo. Hapo hakuna marekebisho ya breki yatakayodumu. Kaza koni kwanza, tia grisi mpya, badilisha gololi kama zimekula. Kisha pitia bolti sita za diski kwa spana yake ya nyota, na zile mbili za kalipa kwa alenki ya milimita 5. Bolti ya kalipa iliyolegea inaweza kusababisha magonjwa yote mawili niliyoyataja, kukwaruza ukiwa unatembea na kulia ukiwa unabana, na watu huhangaika nayo wiki nzima bila kuigusa.

Sasa weka gurudumu lizunguke polepole na usikilize mpigo wake. Hapa sikio linafanya kazi kuliko jicho. Ukisikia shi... shi... shi... kwa vipindi, mara moja kila mzunguko, diski imepinda mahali. Ukisikia shiiiii isiyokatika, kalipa au pedi imekaa upande mmoja. Halafu angalia. Weka karatasi nyeupe upande wa pili wa kalipa, au mtu akumulikie kwa tochi ya simu, kisha uchungulie kwenye ule mwanya wa pedi. Utauona mwanga pande mbili za diski, na utaona ni upande upi mwanga unakatika.

Diski zinazopinda huku kwetu nyingi hazipindi kwa ajali. Zinapinda juu ya basi. Baiskeli inapakiwa Dar es Salaam au Tanga, inalazwa upande wa diski, juu yake linatupwa gunia, na ikifika Lushoto mwenyewe anashangaa. Ukisafirisha baiskeli kwenye basi, toa magurudumu kama unaweza na uyafunge pembeni, diski zikitazamana ndani na boksi katikati yake. Ukishindwa, mbembeleze kondakta ailaze ubavu usio na diski.

Kunyoosha diski ni kazi ya subira na inawezekana bila chombo maalumu. Natumia spana malaya ndogo, midomo yake nimeipangusa mpaka haina hata dalili ya grisi, na huwa naizungushia karatasi safi. Nazungusha gurudumu mpaka pale inapogusa, naweka alama kwa kalamu ya wino kwenye ule mkono wa diski na si kwenye uso unaobanwa na pedi, kisha nalisogeza gurudumu mpaka alama itoke nje ya kalipa. Hapo ndipo ninapokunja, kuelekea upande ulio kinyume na pedi inayoguswa. Kidogo sana. Chuma hiki kina kurudi: ukikisukuma kidogo kinarudi chote, ukiongeza kidogo kinabaki, ukizidisha umehamishia tatizo upande wa pili. Naachia, nazungusha, nasikiliza, narudia. Usinyooshe diski iliyotoka kushuka mlima ikiwa bado ya moto. Kwanza itakuunguza, na pili itakudanganya, kwa sababu diski iliyopata joto inaweza kupinda kwa muda na kujirudi yenyewe ikipoa. Kama inagusa kidogo sana, pengine sauti tu bila kupunguza mwendo wa gurudumu, mimi huiacha. Ipo mikono mingi iliyoharibu diski nzuri kwa kutaka ukimya wa asilimia mia moja.

Kalipa iliyokaa upande ni rahisi zaidi, ila njia hutegemea aina ya breki. Ikiwa breki inasukumwa na oili na pistoni zote mbili zinatembea, legeza zile bolti mbili za kalipa mpaka kichwa kicheze kwa mkono, bana breki, na ufunge kishikio cha breki kwa kipande cha mpira wa tyubu kibaki kimebanwa. Kalipa itajitafutia katikati ya diski. Kaza bolti kwa zamu, robo hapa, robo pale. Ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya mwenzake, kichwa cha bolti kinapomalizia kuzunguka kinaivuta kalipa nayo na unarudi ulikotoka. Kwa wenye spana ya kupimia nguvu, Shimano, watengenezaji wa breki, wanataka kati ya Nm 6 na 8 kwenye bolti hizi. Wasio nayo wakaze kwa mkono mmoja wakiwa wameshika alenki fupi, bila bomba la kuongezea.

Breki za waya ndizo nyingi kwenye baiskeli za bei nafuu, na ndizo zinazorekebishwa vibaya kuliko zote. Kwenye nyingi ya hizi pedi inayotembea ni moja tu, ya nje. Ya ndani imesimama. Ukibana, pedi ya nje inaisukuma diski, diski inajikunja kidogo mpaka inaegemea pedi ya ndani. Ndivyo ilivyoundwa, usiogope ukiiona diski ikisogea. Lakini kwa sababu hiyo ile mbinu ya kubana na kukaza haitoshi, maana pedi iliyosimama itabaki imegusana na diski. Mimi nakata kipande cha boksi la majani ya chai, ule ubao mwembamba, nakiweka kati ya diski na pedi ya ndani, ndipo nabana, nakaza bolti, kisha nakichomoa. Nafasi iliyobaki inatosha. Kama bado inagusa au imekuwa mbali mno, nyuma ya kalipa, upande wa njiti za gurudumu, kuna skrubu ya kuisogeza ile pedi ya ndani, ya alenki au ya nyota kutegemea iliyotengenezwa. Izungushe kidogo kidogo huku ukizungusha gurudumu.

Na hapa nina ombi kwa mafundi wenzangu. Pedi zikiisha kidogo na kishikio kikaanza kuzama, msikimbilie kuvuta waya. Najua ndivyo tulivyofanya kwenye breki za ringi. Kwenye kalipa ya waya, ule mkono mdogo unaovutwa una safari fupi. Kila unapovuta waya ukiwa umeachia breki, unakuwa umeila sehemu ya safari hiyo. Unakuja wakati mkono umefika mwisho wake kabla pedi hazijabana, na mwenye baiskeli anagundua hilo kwenye mteremko. Pedi zilizolika husogezwa kwa skrubu zake kwenye kalipa. Waya hurekebishwa tu uwe umenyooka bila kulegea na bila kuuvuta mkono.

Sasa niende kwenye lile lililonifanya nikae kuandika.

Breki inayolia ukiibana, mlio mrefu unaosikika hadi sokoni, na hapo hapo haishiki kama zamani, ina mafuta. Yametoka wapi? Mwenyewe ataapa kwamba hakupaka kitu. Uliza zaidi. Alipulizia mnyororo dawa ya kopo baiskeli ikiwa imesimama, na ukungu wa ile dawa ukatua kwenye diski ya nyuma. Au alisafisha gia kwa dizeli na brashi, ikaruka. Au aliipeleka kuoshewa pale wanapoosha pikipiki, na baada ya maji wakaipulizia ile dawa ya kung'arisha tairi ionekane mpya. Hii ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote, na ninaiona kwenye baiskeli na pikipiki pia. Au alishika diski kwa vidole baada ya kula, akitaka kuona kama bado ina moto. Pedi zina vinyweleo vinavyofyonza mafuta, na kila zinapobana zinayapaka tena kwenye diski, kwa hiyo kusafisha kimoja na kuacha kingine ni kazi bure.

Ninavyosafisha ni hivi. Natoa gurudumu, natoa pedi: kuna pini au bolti ndogo inayozishikilia na klipsi ya chuma chembamba katikati yake, kumbuka ilivyokaa. Vumbi jeusi lililomo ndani ya kalipa usilipulize kwa mdomo, litaingia kifuani. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Diski naiosha kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, naisuuza vizuri, naiacha ikauke, kisha naifuta pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa cheupe kisichowahi kugusa kitu kingine. Nageuza kitambaa, nafuta tena. Kitambaa kikitoka cheusi naendelea. Kikitoka cheupe nimemaliza, na kuanzia hapo hakuna kidole kinachogusa uso ule.

Spiriti nayo ina mtego. Nenda duka la dawa uombe ya isopropili na usome lebo. Unayotaka ni spiriti na maji basi. Baadhi ya spiriti za kupaka ngozi huchanganywa mafuta ya nyonyo ili zisikaushe, na vitakasa mikono vingi vina gliserini. Ukisafishia diski vitu hivyo umeirudishia mafuta kwa mkono wako. Petroli pia hapana. Wengi wanaitumia kwa sababu ipo karibu, lakini inaacha utando, na moto ni moto.

Pedi naziweka uso chini juu ya msasa uliolazwa kwenye kigae, nazisugua kwa mzunguko mpaka ule mng'ao uondoke wote na rangi iwe moja, bila kung'aa. Nazifuta kwa spiriti, naziacha. Halafu nangojea. Zikianza kutoa alama nyeusi zenye unyevu juu yake, mafuta yameingia ndani na hizo zimekwisha, hata kama ni mpya. Wapo wanaozichoma kwenye jiko la mkaa ili mafuta yatoke. Nimeziona zikirudi. Pedi ni unga uliogandishwa na kubandikwa kwenye bati. Ukiichoma unaweza kuwa umeunguza kile kinachoishikilia, na bati litabaki kwenye kalipa huku ule unga umebanduka njiani. Bei ya pedi mbili haifanani na hatari hiyo. Mama mmoja, mwalimu mstaafu anayeshuka na baiskeli yake kila siku kwenda shambani, aliniomba nimchomee zake kwa sababu hela ilikuwa haijaingia. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu wangu, chukua hizi, utanilipa mwezi ukiisha, ila zile siwezi kukuwekea." Sikutaka kusikia jina lake kutoka kwenye kona za Soni.

Pedi mpya au zilizosuguliwa upya zisipelekwe moja kwa moja mlimani. Lazima zizoeane na diski. Inatakiwa tabaka jembamba la pedi lihamie kwenye diski sawasawa pande zote, na tabaka hilo ndilo linaloleta ushikaji na ukimya. Tafuta mahali tambarare au mteremko mdogo, kimbia mwendo wa kama kilometa 20 kwa saa, bana breki moja kwa nguvu lakini bila kuligandisha gurudumu mpaka ufike mwendo wa kutembea kwa miguu, achia. Rudia kama mara 20 kwa breki ya mbele, kisha ya nyuma. Usisimame kabisa ukiwa umebana, kwa sababu pedi zitaacha alama mahali pamoja kwenye diski na kila mzunguko utausikia mguno wake. Mwanzoni breki itakuwa dhaifu na ya kutisha, kisha utaihisi ikianza kuuma. Wanaoruka hatua hii ndio wanaorudi wakisema pedi mpya ni feki. Wakati mwingine kweli ni feki, lakini mara nyingi hazikuzoeshwa.

Kuna kulia kwingine kunakofanana na kwa mafuta ambako chanzo chake ni joto. Mgeni anateremka kwenda Mombo kwa mara ya kwanza, anaogopa, anashika breki zote mbili kuanzia mjini na hazimtoki vidoleni mpaka chini. Diski inabadilika rangi, inakuwa na ubluu au uzambarau, na pedi zinang'aa kama kioo. Zikifika hapo zinalia na hazishiki. Msasa unazirudisha ikiwa hazijaungua sana. Dawa yenyewe iko kwenye kuendesha: bana kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa, acha upepo upooze, bana tena. Nawaomba vijana wanaoongoza wageni walieleze hili kabla ya kuondoka mjini, na wasimame Soni watazame maporomoko huku breki zikipoa. Na mtu asijaribu kwa kidole kama diski ni ya moto.

Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka hapa, breki zote hulia asubuhi. Unyevu umetua kwenye diski. Bana mara chache ukiwa unatembea, zitakauka na kunyamaza. Hilo si tatizo, wala halihitaji fundi. Pedi zile ngumu zenye chembe za chuma hulia zaidi kwenye maji kuliko zile laini, ila kwenye tope la Magamba zinadumu zaidi, na mimi kwa masika nachagua hizo nikivumilia kelele. Angalia tu diski yako kabla ya kununua: baadhi zimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni za pedi laini pekee. Ukiziwekea pedi za chuma zinaliwa haraka.

Kelele moja haina mjadala. Ni ile ya chuma juu ya chuma, krrr nzito ukibana, mkono unaihisi. Shuka. Pedi zimekwisha na bati linaitafuna diski, au ile klipsi ya katikati imepinda na kuingia kwenye diski. Pedi ikibaki na nusu milimita ya ule unga juu ya bati ni ya kubadilisha, usisubiri mpaka ikuimbie.

Breki za oili nitazigusia kwa haraka, zinastahili siku yake. Nyingi zinazoletwa zikisugua zimetokana na mtu kubana kishikio gurudumu likiwa nje. Pistoni zinatoka, nafasi inapotea. Toa pedi, futa pistoni pembeni kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, kisha zisukume zirudi ndani taratibu kwa kipande cha mti au plastiki bapa. Usitumie bisibisi, kwa sababu pistoni nyingi ni za kauri au plastiki na zinapasuka. Ikiwa moja inatoka na mwenzake amegoma, mzuie anayetoka, bana kidogo yule mgumu atokeze, mpake tone la oili yake ya breki kwa kijiti, mrudishe, rudia mpaka watembee sawa. Futa kila tone lililobaki kabla pedi hazijarudi. Gurudumu likiwa nje, weka kipande cha boksi kilichokunjwa mahali pa diski.

Kuhusu kuongeza oili, soma kifuniko cha kishikio. Shimano hutumia oili ya madini. Breki nyingi za SRAM hutumia ile ya DOT. Duka la spea za magari litakuuzia DOT 4 bila swali, na ukiitia kwenye Shimano raba za ndani zitavimba na kuharibika, kalipa nzima imekwenda. Oili ya madini kwenye breki ya DOT nayo inaharibu vile vile. Na kama kalipa inavujisha kwenye pistoni, pedi zitalowa kila ukisafisha, hivyo hakuna haja ya kununua nyingine kabla uvujaji haujatibiwa.

Mwisho, pimeni diski. Nina kipimo cha milimita na nampimia yeyote anayepita, bure. Shimano huziandika diski zao kwamba zisitumike chini ya milimita 1.5. Ninazoziona zimebaki 1.2, kingo zake zimekuwa kali za kukata kidole, na mwenyewe anajisifu kwamba breki yake haina kelele hata kidogo. Hizo nazishusha hapo hapo akikubali, ninazipinda katikati ili asije mtu akazifunga tena, na zinaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu.